Mhandisi Mkuu haombi

Saa tatu asubuhi. Chini, seremala amezima mashine yake ya randa kwa sababu taa nyekundu imewaka juu ya ngazi. Ndivyo walivyokubaliana: taa ikiwaka, mbao zinapumzika. Juu, katika chumba kilichozungushiwa magodoro makuukuu ukutani, mwanamke wa miaka arobaini na sita amesimama pekupeku mbele ya kipaza sauti, na kichwa chake kimo ndani ya ndoo ya plastiki.

"Naomba mfunge valvu ya pili," anasema ndani ya ndoo. "Tafadhali, jamani, naomba mfanye haraka."

Kwenye skrini, mwanamke mwingine, mwenye ovaroli iliyoungua mkono mmoja, anatambaa ndani ya bomba la meli ya angani. Cheche zinamwangukia mgongoni. Moto unamfuata. Mdomo wake umefunguka mara mbili tu ukafungwa, lakini sauti ya kwenye ndoo bado inaendelea kuomba.

Mwanamke anaivua ndoo, inayoipa sauti yake mwangwi wa bomba. Uso umelowa jasho, maana feni ya chumba hiki huzimwa wakati wa kurekodi, isije ikasikika angani ambako hakuna upepo.

"Mwalimu," anasema, akimgeukia mfasiri nyuma ya dirisha la kioo. "Meli inapasuka hii. Mtu anayeungua anapata wapi nafasi ya kusema tafadhali?"

Mtaani kwake wanamwita Injinia. Hajawahi kusomea uhandisi hata siku moja. Kazi yake ni kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za kigeni, na kwa misimu miwili sasa amekuwa sauti ya Mhandisi Mkuu wa meli iitwayo Mshale, katika tamthilia ya mambo ya anga inayorushwa kila Alhamisi jioni. Leo wanarekodi sehemu ya mwisho ya msimu wa pili. Yeye mwenyewe hajui kama msimu wa tatu utamkuta.

Majirani hawana habari na hayo. Wao wakimsikia Alhamisi akifufua injini, Ijumaa asubuhi wanamletea pasi.

"Nawaambia mimi hata balbu nabadilishiwa na mume wangu, hawasikii," anasema. "Jirani mmoja akaniambia, juzi umetengeneza meli nzima, leo utashindwa na birika langu?"

Anayezifungua hizo pasi ni mumewe, fundi cherehani, mtu mpole mwenye bisibisi moja na subira nyingi. Pasi ikipona, sifa zinakwenda kwa mkewe.

"Nimeshazoea," anasema mume. "Mimi ni idara ya ufundi. Yeye ni msemaji."

Kabla ya meli, sauti ya Injinia ilikuwa ikiita wagonjwa. Yuko mapokezi ya hospitali kwa zaidi ya miaka kumi: "Mwenye namba kumi na saba, dirisha la dawa." Mpaka leo anaifanya kazi hiyo siku tatu kwa wiki, kuanzia mchana, kwa kuwa malipo ya studio hayafiki hata nusu ya kodi ya nyumba. Hapo hospitalini ndipo alipopatikana, na aliyempata alikuwa kiziwi kwa muda.

Huyo ni fundi sauti wa studio, anayeitwa Kimya kwa sababu neno hilo hulisema mara nyingi kuliko jina lake. Alikuwa amekwenda kusafishwa masikio.

"La kulia limeziba kabisa, la kushoto liko njiani," anakumbuka Kimya. "Daktari mwenyewe simsikii. Lakini namba yangu niliisikia. Nikasema, sauti inayopita kwenye nta itapita popote."

Alianza na vilio. Studio ndogo haichagui, na tamthilia nyingi zilizoletwa zilikuwa na kazi moja tu kwa mwanamke.

"Nimelia misiba ya watu wa nchi zote," anasema. "Nimekuwa mama wa kila mtu. Nimekuwa mpenzi aliyeachwa, na yule wa pembeni anayesema 'Jihadhari!' halafu anakufa yeye. Kuna siku nilikuwa kiumbe chenye vichwa vitatu, na vyote vitatu vilikuwa vinalia."

Kisha Kimya akamwonyesha picha za Mhandisi Mkuu. Katika Mshale, Nahodha ndiye anayeamua meli iende wapi, lakini Mhandisi Mkuu ndiye anayejua kama itafika. Ana mafundi arobaini chini yake, wengi wao wanaume. Nywele zimeanza mvi. Hana mchumba katika hadithi nzima na hakuna anayehangaika kumtafutia.

"Nilikuwa namngoja alie," anasema Injinia. "Sehemu ya kwanza ikaisha, hajalia. Ya pili, hajalia. Nikamuuliza Kimya, huyu atalia lini nijiandae? Akaniambia, dada, huyu halii, huyu anatengeneza. Nilifika nyumbani nimefurahi mpaka chakula kikanishinda."

Sehemu nne za mwanzo zilikuwa za raha tupu. "Zima! Washa ya akiba! Usiguse hapo, utatuua!" Mafundi arobaini wakikimbia huku na huku, na yeye katikati, mikono kiunoni. Chumbani Injinia naye aliweka mikono kiunoni. Anasema ukishika kiuno, sauti nayo inashika kiuno.

Halafu ikaja sehemu ya tano, na Mhandisi Mkuu akaanza kuomba.

"Zima injini" ikawa "naomba mzime injini". "Nipe taarifa" ikawa "naomba, kama inawezekana, mnipe taarifa". Nahodha, kwa upande wake, aliendelea kama alivyozaliwa: geuza, fyatua, ondoka. Injinia alidhani mtu wake ameshushwa cheo. Alirudi nyuma kuangalia kama kuna sehemu wameiruka. Hakukuwa na sehemu iliyorukwa. Akamwendea Mwalimu.

Mwalimu ndiye mfasiri wa studio, mzee aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kufundisha Kiswahili. Kwa kuwa studio ina watu wachache, yeye huyo huyo ndiye sauti ya Nahodha, na kwa kweli anaimudu. Alimjibu Injinia palepale, bila kupepesa macho.

"Nilidhani ni mwanamume."

Ilikuwa hivi. Sehemu nne za kwanza zilimfikia Mwalimu kabla ya picha: maneno matupu, na kando ya kila neno cheo cha msemaji. Wenzake melini walimwita Mkuu, basi. Kiswahili nacho hakikumuuliza kitu, maana "amefika" ni amefika tu, awe bwana awe bibi. Mwalimu akatafsiri, kituo cha televisheni kikapitisha. Siku ya kurekodi ndipo Mhandisi Mkuu alipojitokeza kwenye skrini na mvi zake. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yameshapita, hakuweza kuyagusa. Akajiambia kuanzia ya tano atamtendea yule mama haki yake.

"Nilimpa adabu," anasema Mwalimu, na hasemi kwa kujitetea. "Mtu mzima, mwanamke, anasimama mbele ya watu anasema 'zima!' Wangesema hakulelewa. Nimefundisha watoto wangapi kusema naomba? Heshima si utumwa."

"Nikamwambia sawa, Mwalimu, heshima si utumwa," anasimulia Injinia. "Mbona Nahodha hana?"

"Nahodha ni nahodha," Mwalimu akajibu. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Injinia akasoma kama ilivyoandikwa. Kazi ni kazi, na si kawaida ya studio ile msoma maneno kubishana na mwandika maneno. Alisoma "naomba" hadi msimu wa kwanza ukaisha, akaingia nayo msimu wa pili. Alijitahidi kuisema haraka ili ifanane na pumzi. Kimya alimsaidia: picha ikionyesha mgongo wa Mhandisi Mkuu, aliisogeza "naomba" huko mgongoni ambako hakuna mdomo wa kuumbuka.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mama mkwe. Anaishi nao, na Alhamisi jioni hakuna anayethubutu kukaa kiti chake.

"Huyo mtu wako siku hizi amekuwa ombaomba," alimwambia mkwewe. "Bado bakuli tu, aanze kuzunguka nalo."

"Ni adabu, mama."

"Adabu ni kwangu. Huko kwenye moto adabu ya nini?"

Injinia anacheka anapolisimulia hilo, kwa sababu ni kweli nyumbani hasemi neno na mama mkwe bila kutanguliza shikamoo na naomba. "Huyo ni mama mkwe," anasema. "Huyo hata Nahodha angemwomba."

Wa pili hakumchekesha. Hospitalini kuna msimamizi wa mitambo, mwanamke mnene kidogo, mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye hutangulia kusikika kabla hajaonekana. Jenereta, pampu, mitungi ya oksijeni, vyote ni vyake. Siku moja alimsimamisha Injinia kwenye ujia.

"Ni wewe yule wa televisheni?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona unaniangusha?"

Injinia hakuelewa.

"Umeme ukikatika hapa, wodi ya watoto wachanga inanitazama mimi," alisema yule msimamizi. "Nikianza naomba jamani, vijana wangu watadhani wana hiari. Nawaambia washa. Wakishawasha, nawashukuru. Ulianza vizuri wewe. Mabinti zangu walikuwa wanasema, mama, yule anaongea kama wewe. Siku hizi hawasemi."

Akaondoka na funguo zake. Injinia alirudi dirishani akaita namba ovyo, mgonjwa wa macho akajikuta kwa daktari wa meno.

"Niliona aibu kama nimemwibia kitu," anasema. "Yule mama ndiye mwenye kazi. Mimi ni sauti tu. Lakini nimemchukulia sauti yake nimekwenda kuombea."

Wiki ile alipanda ngazi za kituo cha televisheni kumwona mkuu wa vipindi. Naye ni mwanamke, wa makamo, mezani ana simu tatu na zote zinaita. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba watazamaji hawapendi mwanamke anayefoka. Asome kama ilivyoandikwa. Kama ni vigumu, ipo sauti nyingine imeshajaribiwa, na si mbaya.

Injinia aliwahi kuisikia sauti hiyo. Ni laini, nzuri, ya dada aliyezoea matangazo ya sabuni. Alishuka zile ngazi akijua hali yake: ama aombe, ama aondoke. Na yeye hakutaka kuondoka. Analisema hilo bila kuzunguka. Katika umri wake hakutarajia kupewa mtu mwingine wa namna ile, na vilio vilikuwa vinamngoja palepale alipoviacha.

Ndiyo maana asubuhi hii ni nzito. Katika sehemu ya mwisho, kinu cha nishati cha Mshale kinakaribia kulipuka. Nahodha ameingia katika chumba cha kinu na kukataa kutoka, ameamua kufa na meli. Mhandisi Mkuu anataka kuufunga mlango wa chuma wa chumba hicho ili kuwaokoa wengine, na hawezi kuufunga mtu akiwa ndani. Anamwambia Nahodha atoke. Hapo ndipo hadithi nzima ya misimu miwili inapofika.

Mwalimu ameandika: "Nahodha, nakuomba, kwa heshima zote, utoke humo ndani." Na Nahodha anajibu: "Ombi lako limekubaliwa."

"Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, binti yangu," Mwalimu anamjibu sasa kutoka nyuma ya kioo.

"Hapa hatumtoi nyoka, Mwalimu. Tunamtoa Nahodha."

Kimya anacheka, kisha anajifanya anaangalia vitufe vyake.

Injinia anaiweka ndoo chini. Anajifuta jasho kwa ncha ya kanga. Halafu anasema jambo ambalo, kwa maelezo yake, hakuwa amelipanga.

"Haya. Kama ni adabu, iwe ya wote. Na Nahodha aombe."

Mwalimu ni mtu wa msimamo, na mtu wa msimamo ukimkamata kwa msimamo wake hana pa kwenda. Anakuna kidevu.

"Haki hiyo," anasema. "Naomba si tusi. Ataomba."

Anaingia chumbani, anavaa hedfoni, anasogea kwenye kipaza sauti. Kimya anarudisha picha nyuma mpaka kwenye vita. Meli za adui zimejaa skrini. Nahodha anasimama, ndevu zimetimka, kidole kimenyooka. Mwalimu anavuta pumzi na kuitoa ile sauti yake nzito ambayo watoto wa mtaa humwigiza wakimwona.

"Naomba mfyatue makombora, tafadhali."

Kimya anang'ata mkono wa shati lake.

"Endelea, Mwalimu," anasema Injinia.

"Askari wangu," ananguruma Mwalimu, "kama hamtajali, naomba tushambulie."

Injinia anakaa sakafuni. Anacheka mpaka hedfoni zinamdondoka. Kimya amelaza kichwa mezani, mabega yanamtikisika. Nahodha yule mwenye ndevu amekuwa kama jirani aliyekuja kuazima sukari.

Mwalimu hacheki. Anarudia mara ya tatu, kwa kulibana lile neno. Anarudia tena, kwa kulivuta. Anajaribu kuliweka mwisho. Kwenye skrini adui anazidi kusogea. Mwishowe anavua hedfoni na kuzishika mikononi.

"Huyu hawamtii," anasema.

Kicheko kimekatika chenyewe.

"Meli ingeshapigwa kabla hajamaliza sentensi." Anaitazama skrini, ambako Nahodha ameganda kidole juu. "Na yule mama wa watu nimemfanya hivi misimu miwili?"

"Kasoro sehemu nne," anasema Injinia.

Mwalimu anachukua kalamu. Anainama juu ya karatasi, kisha anasita na kumtazama Injinia juu ya miwani.

"Unajua mkuu wa vipindi alisema nini. Hiyo ni nafasi yako."

"Najua."

"Yule dada wa sabuni yuko tayari."

"Najua, Mwalimu. Kata."

Anakata. Kimya ananyanyua mkono, anasema neno lake, taa nyekundu inawaka, na chini randa inanyamaza.

Wanasimama wawili mbele ya kipaza sauti kimoja, bega kwa bega. Kwenye skrini uso wa Mhandisi Mkuu umejaa skrini nzima. Hakuna mgongo wa kufichia neno safari hii.

"Nahodha," anasema Injinia. "Toka humo. Sasa."

Hapigi kelele. Anaisema kwa sauti ileile anayoitia wagonjwa. Haifoki, inajua tu kwamba mtu atakuja.

Sasa ni zamu ya Mwalimu, na hapo kosa linaonekana. Katika haraka yake amekata maneno ya Mhandisi, ya kwake ameyasahau. Karatasini bado pameandikwa "Ombi lako limekubaliwa", na hakuna aliyeomba. Mwalimu anatazama karatasi. Anatazama skrini. Nahodha anamtazama Mhandisi Mkuu, muda mrefu kidogo, na mdomo wake unafunguka mara moja tu.

"Natoka," anasema Mwalimu.

Kimya anakiri kwamba alichelewa kubonyeza kitufe cha kuzima. Ukisikiliza kwa makini mwisho wa sehemu ile, utasikia mtu anavuta kamasi. Si Mhandisi Mkuu.

Sehemu hiyo ilirushwa Alhamisi iliyofuata. Ijumaa asubuhi mkuu wa vipindi alipiga simu studio, na Kimya akaiweka mezani wote wasikie.

"Nani amebadilisha maneno?"

"Mimi, mheshimiwa," alisema Mwalimu.

"Na mimi," alisema Injinia.

"Watu wamepiga simu. Wengi wamekasirika. Mmoja anasema yule mwanamke hakufunzwa na mamaye." Simu zake nyingine zikasikika zikilia. "Lakini hakuna aliyezima televisheni. Nimeangalia. Na mimi mwenyewe sikuzima, nilisimama katikati ya sebule na sahani mkononi. Msimu wa tatu uje wewe. Mwalimu, siku nyingine uniambie kwanza. Wakinifukuza, nitakuja kulala hapo kwenye magodoro yenu."

Injinia anasema hapo ndipo alipolia, baada ya miaka yote ya kulia kwa malipo. Alilia bure, tena vibaya, bila mpangilio, mpaka seremala akapanda juu kuuliza kama kuna msiba.

Ungedhani yameisha. Kwake hayajaisha.

Katika likizo ijayo ya shule, kituo kinakusudia kurudia tamthilia nzima tangu mwanzo. Watoto ambao hawakuwahi kuiona wataiona. Wataona sehemu nne za Mhandisi Mkuu, halafu wataona anavyogeuka ghafla bila sababu, na hakuna atakayewaeleza kwamba ni siku ile Mwalimu alipofuta miwani.

Inayomuuma zaidi ni hiyo sehemu ya tano. Ndani yake Mhandisi Mkuu anamkataza Nahodha kuwasha injini, na kwa kukataza huko meli nzima inapona. Kwa maneno yaliyopo sasa, anamwomba asiwashe, naye kwa hisani yake anakubali.

"Kwa Kiswahili chetu inaonekana Nahodha ndiye aliyewaokoa, kwa huruma zake," anasema Injinia. "Si kweli. Ni Mhandisi Mkuu. Nataka irudiwe hiyo, na zote zinazofuata."

Wenzake wako tayari. Kimya amesema atatoa siku zake za mapumziko. Mwalimu ameanza kupitia maandishi yake ya zamani, anakata na kunung'unika, na mara mojamoja anamwachia Mhandisi "tafadhali" moja mahali panapofaa, kwa sababu, anasema, hata mtu wa kuamrisha ana siku anamwomba mwenzake maji ya kunywa. Injinia hapingi. "Naomba si neno baya," anasema. "Ubaya ni likiwa la mtu mmoja."

Kilichobaki ni ruhusa ya kituo. Alimgusia mkuu wa vipindi kwenye simu ileile, kabla haijakatwa. Jibu lilikuwa fupi: studio italipwa kwa kipi, na nani ana muda wa kurudi nyuma misimu miwili? "Hilo," alisema mkuu wa vipindi, "usiniombe."

Injinia amelichukua jibu hilo kama lilivyo. Jumatatu hana zamu hospitalini. Mumewe amemshonea gauni jipya, lenye mifuko miwili mikubwa kama ya ovaroli, na mama mkwe ameahidi kubaki na birika la jirani.

"Ameniambia nisimwombe," anasema, huku akivaa viatu kuelekea nyumbani. "Mimi ni mtu wa adabu zangu. Sitamwomba. Jumatatu nakwenda kumwambia."